Gari Lililokohoa Asubuhi Tu

Shemeji yangu Mogaka hakuwa mwizi, lakini gari la kaka yake alilihesabu lake. Mume wangu Makori alipokwenda Uganda kusoma kwa mwaka mmoja, aliniachia Austin yetu kuukuu. Wiki ya pili tu Mogaka alilitoa uani bila kuuliza, akabeba watu wa arusi mpaka Ekerenyo, akalirudisha limejaa tope hadi kwenye viti. Sikugombana naye. Nilianza kutoa rota.

Rota ni kitu kidogo cheusi, chaenea kwenye kiganja cha mtoto, kina ukanda wa shaba mgongoni. Kinakaa ndani ya distributa, kinazunguka, na katika kuzunguka kinagawa umeme kwa plagi nne, moja baada ya nyingine, ili kila plagi itoe cheche na kuwasha petroli ya silinda yake. Ukikitoa, gari ni banda la kuku. Kila nilipomaliza kuendesha niliitoa rota nikaiweka jikoni, ndani ya kikombe cha bati, rafu ya juu. Mogaka akija "kusalimia watoto" nilimkaribisha chai kwa moyo mweupe kabisa.

Ilikuwa Mei 1956, hapa kwetu Nyakoe, na mwezi huo nilikuwa na jambo moja kichwani: mtihani wa udereva. Mtahini alikuja Kisii mara moja kwa miezi mitatu, na siku yake ilikuwa Jumatatu tarehe ishirini na nane, saa tatu asubuhi. Ofisi ya elimu ilitaka mwanamke wa kukagua masomo ya sayansi kimu katika shule za wasichana, kuanzia kwetu mpaka Nyansiongo. Stashahada nilikuwa nayo. Miaka tisa ya kufundisha nilikuwa nayo. Gari lilikuwepo. Leseni sikuwa nayo, na barua ilisema wazi kwamba leseni isipofika mezani kabla ya mwisho wa Juni, nafasi atapewa mwingine. Mtahini hangerudi mpaka Agosti. Kwa hiyo ilikuwa Jumatatu hiyo au basi.

Alhamisi jioni nilifanya mazoezi mpaka mjini na kurudi, mwalimu wangu wa udereva pembeni. Injini ilinguruma vizuri, kama cherehani iliyotiwa mafuta. Nikazima, nikatoa rota, nikaiweka kwenye kikombe.

Ijumaa nilikuwa shuleni hadi saa kumi na moja. Mama mkwe wangu, Orpah, alikuwa amekuja kukaa nasi, na sisi ni Wasabato. Ijumaa ni siku ya matayarisho. Kabla jua halijatua, nyumba yote sharti iwe imefagiliwa, nguo zimepigwa pasi, kuni zimepasuliwa, na kila chombo kimesuguliwa, kwa sababu Jumamosi hatugusi kazi. Nilipofika nilikuta jiko linang'aa. Sufuria zimepangwa nje juu ya kichanja, mtu angeweza kujitazama ndani yake na kuchana nywele. Nilimshukuru. Jumamosi tulikwenda kanisani kwa miguu.

Jumapili asubuhi kulikuwa na ukungu mzito wa mwezi wa Mei, ule unaokaa juu ya migomba mpaka saa nne. Nikachukua rota rafuni, nikairudisha mahali pake, nikapiga hendeli. Gari likawaka, halafu likaanza kukohoa.

Nasema kukohoa kwa sababu sina neno bora. Liliruka, likanyamaza nusu pumzi, likaruka tena, likapiga mshindo nyuma mpaka kuku wakatawanyika. Nikaliingiza gia ya kwanza kulipandisha kilima kidogo cha kutoka uani. Lilitetemeka katikati ya kilima likafa. Nikalirudisha kinyumenyume kwa breki. Gari kama hilo, mtahini angeshuka kabla hata hajafunga mlango.

Nikamtuma mtu mjini kumwita Oyoo.

Oyoo alikuwa fundi wa magari mjini, Mjaluo wa upande wa Kendu, mrefu, mwenye maneno. Ndiye aliyenifundisha kuendesha. Alikuja kwa baiskeli mnamo saa nne kasorobo, akitoka misa ya kwanza, bado amevaa tai.

"Mwalimu Drusilla," alisema kabla hajashuka, "umelifanya nini gari la watu?"

"Ningejua ningekuita?"

"Wanawake wa Kisii bwana! Hata 'habari ya asubuhi' hakuna."

"Habari ya asubuhi, Oyoo. Vua tai."

Alicheka, akavua tai, akaifunga kwenye kengele ya baiskeli. Tukaliwasha. Alisikiliza kichwa kimeinama upande mmoja.

"Linamisi," alisema. "Silinda moja haifanyi kazi. Ama mbili. Tutamtafuta mvivu."

Njia ya kumtafuta mvivu ni rahisi, na niliitazama kwa makini. Injini ikiwa inawaka, unachukua bisibisi yenye mpini wa mbao, unagusisha chuma chake kichwa cha plagi na bati la injini kwa wakati mmoja. Umeme wa plagi hiyo unapotea. Kama silinda ilikuwa inafanya kazi, injini inazidi kulegea. Kama ilikuwa haifanyi, hakuna kinachobadilika, na huyo ndiye mvivu wako.

Oyoo alianza na ya kwanza. Injini ikalegea. Ya pili, ikalegea. Ya tatu, hakuna kilichobadilika.

"Huyu hapa!"

Akarudia kuhakikisha. Mara hii, plagi ya tatu ikalegeza injini, ya kwanza ikawa haina habari.

"Mbona amehama?" niliuliza.

"Hajahama. Ni masikio yako."

Masikio yangu hayana kasoro. Yamesikiliza watoto arobaini wakinong'ona kwa miaka tisa. Lakini fundi ni yeye. Alitoa plagi zote nne, akazisugua kwa brashi ya waya, akapima nafasi zake kwa ukucha. Akazirudisha zote. Kisha akasema pengine ni petroli imeingia maji, akafungua kabureta, akaimwaga, akaipuliza kwa mdomo mpaka macho yakamtoka. Akafungua distributa akapangusa rota na kifuniko chake kwa kitambaa chenye petroli. Kufikia hapo ilikuwa saa sita, ukungu umekwisha, jua linachoma boneti hata mkono hauwekeki.

Tukapiga hendeli. Gari likanguruma kama Alhamisi.

"Kabureta," Oyoo alisema, akifunga tai yake. "Nilijua tangu mwanzo."

"Tangu mwanzo ulisema plagi."

"Mwalimu, ukipona hospitalini unamuuliza daktari ni kidonge gani?"

Nilimpa uji na ndizi za kuchemsha, akala vizuri. Tulikubaliana atakuja kesho saa moja asubuhi, kwa sababu mimi mwanafunzi sikuruhusiwa kuendesha bila mwenye leseni pembeni. Jioni nikatoa rota, nikaiweka mahali pake, nikalala nikiwa nimetulia.

Jumatatu niliamka saa kumi na moja na nusu. Ukungu ule ule. Nikairudisha rota, nikapiga hendeli, na gari likakohoa, tena kuliko jana.

Sitadanganya, nilikaa juu ya ngazi ya gari nikashika kichwa. Oyoo hangefika kabla ya saa moja, na angefika aanze tena na plagi. Kwa muda kama wa kumenya viazi vitatu niliwaza kuandika barua ya kukataa kazi ile, nikitaja afya yangu. Halafu nikajikasirikia. Nikasimama.

Nilifanya nilichowafundisha wasichana wangu keki isipoumuka: usimlaumu mtu, uliza nini kimebadilika. Alhamisi gari zima. Jumapili asubuhi gonjwa, mchana zima. Leo asubuhi gonjwa. Kabureta iliyosafishwa jana mchana haikuchafuka usiku ikiwa imesimama. Kilichobadilika kati ya mchana na asubuhi kilikuwa kimoja tu: unyevu. Gari hili linachukia unyevu.

Lakini ukungu wa Nyakoe haukuanza juzi. Gari lilikuwa limevumilia asubuhi za Aprili zilizo mbaya zaidi. Basi kuna kitu kilichoanza kuchukia unyevu kati ya Alhamisi na Jumapili.

Nikachukua bisibisi ya mbao, nikajaribu plagi mwenyewe. Ya pili ndiyo mvivu. Nikarudia: ya nne. Nikarudia: ya kwanza. Masikio yangu yalikuwa sawa tangu jana. Mvivu alikuwa anahama, maana yake hakuwepo mvivu. Watoto wanne wakikosa chakula kwa zamu, huwezi kuwalaumu watoto; unakwenda kumtazama anayegawa.

Anayegawa ni rota.

Nikaifungua distributa. Mgongo wa rota ni shaba, lakini mwili wake wote ni bakelaiti, ile nyeusi ngumu kama ya mpini wa pasi, ambayo haipitishi umeme. Umeme unaingia kwenye shaba na kutoka kwa plagi tu, haushuki chini. Kama unashuka, unapotelea kwenye chuma cha injini, na plagi zinabaki na njaa. Hilo lingeweza kupimwa. Ukiushika waya mnene wa koili, ule unaoleta umeme mkali, karibu na shaba ya rota na kuzifungua pointi, vile vyuma viwili vidogo ambavyo vikiachana cheche huruka, rota nzima haitavuta cheche, kwa sababu cheche haina pa kwenda. Rota inayovuja itaivuta.

Tatizo lilikuwa mwanga. Kulikuwa kumekucha vya kutosha kuficha cheche ndogo. Nikamwita mama mkwe. Alitoka na shuka begani, akifikiri nimeumia.

"Mama, tafadhali nifunike na blanketi. Mimi na boneti."

"Unaumwa?"

"Siumwi. Nataka giza."

"Mtu anayetaka giza hulala," alisema, lakini alileta blanketi, na badala ya kunifunika akaingia nami ndani yake, kwa sababu hakuwa mtu wa kuachwa nje ya jambo. Tukainama pamoja, vichwa vyetu karibu kugongana. Nikashika waya kwa kitambaa kikavu kilichokunjwa mara nne, nikausogeza karibu na shaba, nikazifungua pointi kwa ncha ya kijiti.

Cheche ya buluu ikaruka kutoka kwenye waya ikaangukia rota. Nikarudia. Ikaruka tena, tik!

"Mama yangu!" Orpah alipiga kelele. "Kuna radi humu!"

"Ndiyo, Mama. Na haitakiwi kuwepo."

Nilichomoa rota nikatoka kwenye blanketi nikimwonyesha. Aliitazama. Uso wake ukabadilika, si kwa hofu, kwa utambuzi tu, kama mtu aliyekutana na jirani mjini.

"Kumbe hiki ni cha gari?"

Nikaisogeza rota karibu naye.

"Mama, unakijua?"

"Nilikisugua Ijumaa. Kilikuwa kwenye kikombe, kichafu, cheusi tititi kama chungu cha shetani. Nikakipiga majivu. Kilikataa kuwa cheupe. Nikakiloweka kwenye majivu mabichi, yaliyotiwa maji, mpaka nimalize sufuria, nikakipiga tena. Kilikataa. Nikasema hiki ni cha asili yake."

"Majivu mabichi."

"Sasa ungetaka mchanga?"

"Mama, hiki ni kitu cha gari."

"Kilikuwa jikoni," alisema kwa sauti ya mtu anayesoma sheria. "Kitu kilicho kwenye kikombe jikoni ni cha jikoni. Na ilikuwa Ijumaa."

Alikuwa na haki kabisa. Nani huweka chombo cha injini kati ya vikombe vya chai, ndani ya nyumba ya Wasabato, siku ya Ijumaa? Mtu mwenye stashahada.

Nikaisogeza rota karibu na macho. Chini ya ukanda wa shaba, katika mfereji mwembamba, na ndani ya tundu lake la chini, kulikuwa na utando wa kijivu. Mtu asingeuona bila kuutafuta. Nikaugusa kwa ulimi. Chumvi. Ile ile ya maji ya majivu tunayolainishia chinsaga, mboga yetu chungu.

Na hapo nikaelewa kila kitu kwa mara moja, mpaka nikacheka. Kila mwanamke wa hapa anajua kwamba kopo la chumvi ya majivu, likiachwa wazi wakati wa mvua, asubuhi lina maji. Chumvi hiyo inavuta unyevu. Rota yangu ilikuwa inakunywa ukungu usiku kucha, na asubuhi umeme ulikuwa unateremka kwenye ule umajimaji wa chumvi kama mtu anayeteremka ngazi. Mchana, injini ikipata moto na jua likiwaka, ilikauka ikawa nzima. Oyoo aliipangusa kwa petroli, lakini petroli haiyeyushi chumvi, na kitambaa hakikufika kwenye mfereji. Kinachoyeyusha chumvi ni maji. Maji ya moto.

"Mama, kuna maji jikoni?"

"Ya chai, yanachemka."

"Chai itangoja."

Niliitumbukiza rota ndani ya sufuria. Nikahesabu dakika kumi kwa saa ya mkononi, nikamwaga maji, nikaweka mengine, dakika kumi tena. Maji ya kwanza yalikuwa na utelezi kati ya vidole, kama ya sabuni. Ya pili kidogo. Nilikuwa natia ya tatu nilipomsikia Oyoo anaegemeza baiskeli ukutani. Aliingiza kichwa mlangoni.

"Mwalimu, nasikia harufu nzuri. Unapika nini?"

"Rota."

Alicheka. Kisha akatazama ndani ya sufuria, akaacha kucheka.

"Mwalimu. Hapana. Mwalimu, una wazimu? Gari linakohoa kwa maji, wewe unalichemshia maji?"

"Halikohoi kwa maji. Linakohoa kwa majivu."

"Majivu yametoka wapi?"

Nikamtazama Orpah. Orpah akatazama paa.

"Yaliingia Ijumaa," nilisema. "Kaa chini, Oyoo. Kunywa maziwa."

Nilimweleza kila kitu huku nikiitoa rota kwa kijiko. Alibisha kidogo, kwa heshima ya kazi yake, halafu akaomba aguse maji ya sufuria ya kwanza niliyokuwa nimeyaacha kwenye bakuli. Akasugua vidole. Akasugua tena. Akasema 'Haya' moja tu, jambo ambalo kwa Oyoo ni sawa na kupiga magoti.

Kukausha ndiko kulikoniua. Saa moja na nusu ilikuwa imepita. Mtu mwenye haraka angeitupa rota kwenye makaa. Bakelaiti ingepasuka, na hapo Agosti. Niliipangusa, nikapitisha uzi mkavu wa pamba kwenye mfereji mpaka ukatoka mkavu, nikaiweka juu ya mfuniko wa sufuria pembeni mwa jiko, mahali ninapokaushia maziwa ya unga ya mtoto yakishika donge. Nikaigeuza kila baada ya dakika mbili. Orpah alikuwa anaipepea kwa ungo. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo.

"Ikikataa?" Oyoo aliuliza.

"Utanikopesha baiskeli nikamweleze mtahini uso kwa uso."

"Utaanguka. Hujui baiskeli."

"Oyoo, nyamaza."

Saa mbili kasoro dakika kumi tulirudi chini ya blanketi, watu watatu sasa, Oyoo akinung'unika kwamba mgongo wake si wa kazi hii. Waya karibu na shaba. Kijiti kwenye pointi. Hakuna kitu. Nikarudia. Hakuna kitu. Giza tupu, na pumzi yetu.

"Radi imekwenda," Orpah alisema, na nilisikia jinsi sauti yake ilivyoshuka kama mtu aliyetua mzigo. Ndipo nilipojua kwamba naye alikuwa na hofu muda wote huo.

Oyoo alipiga hendeli. Ukungu bado ulikuwa umelala juu ya migomba, mzito, maji yanadondoka kutoka kwenye boneti. Gari likawaka. Likasimama imara kwenye mngurumo wake, silinda zote nne, bila kuruka hata moja. Nikakanyaga mafuta, likaitika. Nikalipandisha kile kilima cha uani kwa gia ya kwanza, na lilipofika juu niligundua kwamba nilikuwa nimeuma mdomo.

Barabara ya kwenda mjini ilikuwa na utelezi, lakini tulifika saa tatu kasoro dakika sita. Mtahini alikuwa Mzungu mfupi mwenye kalamu mbili mfukoni na mafua. Alinizungusha sokoni, akanirudisha kinyumenyume kati ya mapipa mawili, kisha akanipeleka kwenye mteremko mkali ulio nyuma ya posta, akaniambia nisimame katikati.

"Zima," alisema.

Nikazima.

"Sasa washa uondoke, bila kurudi nyuma."

Hapo ndipo lingenitia aibu. Hewa ilikuwa bado na umande. Nikavuta breki ya mkono, nikabonyeza swichi, ambayo injini ikiwa na moto huitika bila hendeli, na injini ikashika mara ya kwanza. Nikaachia klachi polepole kama nilivyofundishwa, nikaliondoa. Mtahini alipiga chafya, akaandika kitu. Alipomaliza kuandika alinikabidhi karatasi bila kunitazama, akamwita anayefuata.

Oyoo alikuwa amesimama karibu na mapipa, mikono nyuma.

"Umeanguka?"

"Sijaanguka."

Alipiga yowe moja la Kijaluo ambalo lilimfanya mtahini ageuke, kisha akajirekebisha, akavaa uso wa mtu mzima. "Lakini hiyo habari ya kuchemsha," alisema kwa sauti ya chini, "usiwaambie wateja wangu."

"Nitawaambia wanawake tu."

"Hao ndio wabaya."

Nilimshusha karibu na kazini kwake, pamoja na baiskeli yake tuliyokuwa tumeifunga nyuma ya gari. Alitaka kunisindikiza mpaka Nyakoe kwa mazoea, akashika mlango, halafu akakumbuka, akauachia. Sikuhitaji tena mtu pembeni.

Nilirudi peke yangu. Jua lilikuwa limetoka, na kiti cha pembeni kilikuwa kitupu. Nilipita mbele ya shule nikapiga honi, jambo la kitoto, wasichana wakakimbilia dirishani. Nilipoingia uani Orpah alikuwa amesimama kwenye njia, ungo bado mkononi. Nilimwonyesha karatasi kupitia dirishani. Hajui kusoma, lakini alielewa. Akageuza uso kidogo, akajipangusa kwa ncha ya leso.

Sikuzima injini. Niliketi tu, mikono kwenye usukani, nikiisikiliza.

"Mbona huzimi?" aliuliza. "Petroli ni ya bure?"

"Ngoja kidogo, Mama," nilisema. "Leo ni ya bure."